Panga la Msiba

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Simu ikiita kabla sijanywa chai, tayari nimeshazika mtu. Nikifunga duka narudi kusukuma mlango, na nikifika njia panda narudi tena. Mama yangu husema mimba yangu aliibeba mwaka wa njaa, ndiyo maana nilizaliwa nikiyangoja mabaya. Msomaji anivumilie basi, haya nayasimulia kama nilivyoyaishi, roho ikiwa juu juu.

Kazi yangu ni kubuni michoro. Nina chumba kimoja Omurushaka, wilayani Karagwe, pembeni ya barabara, chenye kompyuta, printa na feni ambayo ni pambo tu. Natengeneza kadi za harusi, vibao vya maduka ya dawa, fulana za misiba zenye picha ya marehemu, na nembo za shule, ambazo kila mwenye shule anataka ziwe na kitabu, mwenge na mlima hata kama shule iko bondeni. Chuoni tulifundishwa kwamba mbunifu anaweza kubadilisha jamii. Niliporudi Karagwe nikakuta jamii inataka maandishi ya dhahabu kwenye kadi za sendofu, nikayaweka, maisha yakaendelea.

Kisha mnyauko wa migomba ukafika Kibingo, upande wa Kyerwa, kwa mama yangu.

Nasema kwa mama yangu lakini bado ulikuwa haujaingia kwake. Ulikuwa kwa majirani. Huu ugonjwa hauna adabu: leo mgomba umesimama na mkungu wake, baada ya muda jani moja linageuka manjano na kulegea, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukivunja moja ndani yake kuna weusi wa kutu. Dawa hakuna. Unakata, unang'oa, unasubiri. Na kibanja cha mama si shamba la kusema atalima pengine. Migomba imeizunguka nyumba, kahawa zimo katikati, mama anakula humo, na baba yangu amezikwa humo, hatua chache kutoka jikoni. Mama alikwishaniambia mara nyingi kwamba yeye haendi kuishi mjini na mimi, kwa sababu hawezi kumwacha mzee wake na majani tu.

Kwa hiyo bwana shamba wa kata ya kule nyumbani alipokuja dukani kwangu na furushi la mabango ya zamani ya kilimo, sikungoja aniombe mara mbili. Mabango yenyewe yalikuwa yamejaa maneno, tena Kiswahili cha semina, na akina mama wengi wa kule nyumbani wanazungumza Kinyambo, Kiswahili wanakitumia sokoni na kanisani tu. "Dada," akasema, "hawa hawasomi hiki. Nichoree kitu kisicho na maneno. Nitakuombea Mungu, maana kingine sina." Nikamwambia aniweke kwenye maombi kweli, asinisahau.

Nilichora picha tatu. Ya kwanza, mtu anavunja lile ua dume, ule moyo mwekundu unaoning'inia chini ya mkungu, kwa kijiti chenye panda badala ya kulikata na kisu. Ya pili, mtu anapitisha panga kwenye moto kabla ya kuhamia mgomba mwingine, kwa sababu panga ndilo linalobeba ugonjwa. Ya tatu, mgomba mgonjwa umekatwa chini kabisa na kurundikwa pembeni.

Nikaanza kuzunguka nazo. Sheria yangu ilikuwa moja, kwamba sielezi. Naonyesha picha, nauliza, "Hapa unaona nini?" kisha nafunga mdomo. Kwa mtu kama mimi kufunga mdomo ni kazi ya kutoa jasho. Picha ya kwanza ilipita vizuri, na ya tatu ikapita. Ya pili kila mtu aliitazama na kunijibu bila shaka yoyote, "Huyu anatia mpini."

Nilitamani kulia. Lakini walikuwa na haki. Kwetu panga huingia motoni kwa sababu moja tu, unaupasha moto mkia wake ili uuchome ndani ya mti wa mpini. Mzee mmoja aliichunguza picha ile kwa huruma, akaniambia huyo niliyemchora amekosea upande, ameweka motoni makali, na makali yakiungua panga limekufa. Nikarudi Omurushaka nikafuta moto, nikachora ndoo na chupa ya dawa ya madoa, ile ya kufulia mashuka meupe. Nikarudi Kibingo. "Anaosha panga," wakasema. Nikapumua, lakini kidogo, maana mimi sipumui sana.

Katika kuzunguka huko nikaanza kuweka alama kwenye ramani niliyoichora kwa mkono, kila kibanja kilichougua nukta nyekundu. Nilitaka kujua tu mabango tuyabandike wapi. Kilichonitia hofu ni kwamba nukta hazikufuatana. Ugonjwa uliruka nyumba mbili, ukaingia ya tatu, ukavuka korongo, ukaacha watu waliopakana kabisa na mgonjwa. Nilikaa nayo mezani kwa mama nikiigeuza geuza. Mama akaja na viazi vyake vya kumenya, akachungulia begani kwangu.

"Mbona umechora njia ya vijana wa msiba?" akauliza.

"Njia gani, Maawe?"

Akaanza kunionyesha kwa ncha ya kisu. Hapa walianzia, kwa yule bibi tuliyemzika wakati wa kahawa. Hapa hawakuingia, hawa wana ugomvi na familia ile. Hapa waliingia wakapata mikungu mizuri. Hapa walivuka korongo kwa sababu ni upande wa shemeji zake.

Mtu akifa kwetu, wafiwa hawatoi chakula peke yao. Kila nyumba inatoa ndizi. Lakini mwenye kibanja hakati. Vijana hutoka msibani na panga lao, wanaingia kila kibanja, wanachagua mkungu wenyewe, wanakata, wanabeba. Wewe unasimama pembeni na kusema poleni. Kumwacha kijana achague ndiyo heshima yenyewe, kwa sababu ukimkatia wewe ni kama umempimia. Na panga ni lilelile, kutoka nyumba hadi nyumba, utomvu juu ya utomvu.

Mama aliendelea kumenya. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu wazee wa kijiji, kwa sababu Kibingo watu hawaachi kufa.

Nikachora picha ya nne. Mwanamke amesimama mlangoni pa kibanja chake, amekata mkungu mwenyewe kwa panga lake, anawakabidhi vijana njiani. Niliichora kwa uangalifu kuliko zote. Mimi na bwana shamba tukaipeleka kwa wanawake wa kikundi cha kufa na kuzikana, ambacho mama yangu yumo, siku waliyokuwa wamekutana nyuma ya kanisa. Nikauliza swali langu, nikafunga mdomo.

Hakuna aliyekosea. Ndiyo picha iliyoeleweka haraka kuliko zote. Walitazamana.

"Huyu amegombana na wafiwa," mmoja akasema hatimaye.

"Au anajua marehemu alikufaje," mwingine akaongeza, na wote wakacheka kicheko kile cha kufunika kitu. Mama yangu hakucheka. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Chuoni walitufundisha kwamba mchoro mzuri ni ule unaoeleweka. Huu ulieleweka kuliko yote, na ndio uliokataliwa. Bwana shamba alinivuta pembeni akaniambia, "Dada, tuchape hizo tatu. Hii ya nne itatuletea kesi ya uchawi." Tukachapa tatu. Tukazibandika zahanati, kwenye ghala la kahawa la chama cha msingi, na kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, chini ya majina ya watoto wa kipaimara. Watu wakazisifu. Vijana wengine wakaanza kweli kuvunja maua dume kwa vijiti. Bwana shamba alifurahi. Mimi nilirudi dukani na ile ya nne ndani ya bahasha, na kila simu ilipoita niliuliza kwanza, "Nani amekufa?"

Siku moja ikawa kweli. Alikuwa mzee jirani, rafiki wa baba yangu, nyumba ya tatu kutoka kwa mama. Alikuwa ameugua muda mrefu, na kibanja chake kiliugua naye. Nilipokata simu sikumwaza marehemu, Mungu anisamehe. Niliwaza kwamba panga litatoka pale, kwenye migomba iliyonyauka, na kwamba vijana wataanza na majirani wa karibu.

Nilichukua chupa ya dawa ya madoa, nikapanda bodaboda. Mwendeshaji aliniuliza kama naenda kufua, nikamjibu vibaya, baadaye nikamwomba radhi. Njia nzima nilikuwa nakadiria kama tutawahi. Tulipofika, mama alikuwa amevaa tayari, kitenge cha msiba na kanga juu, anafunga mlango wa jikoni. Nikamwamkia, nikateka maji kwenye ndoo, nikamimina dawa, nikaiweka mlangoni pa kibanja, njiani kabisa, mahali ambapo mtu asingeweza kupita bila kuiona.

"Hiyo nini?" mama akauliza, ingawa harufu ilimjibu.

"Maawe, wakichovya tu basi. Kuchovya tu. Hawatazuiwa, wataingia, watachagua wanachotaka."

"Ondoa."

"Maawe, unajua panga hilo linatoka wapi. Wewe ndiye ulinionyesha njia."

"Najua. Ondoa, mwana wange. Watasema tunanawa kifo cha mwenzao."

Nilikuwa bado sijainama kuishika ndoo waliposikika wanakuja. Walikuwa vijana wanne, watoto wa majirani niliowajua tangu wanatambaa. Wakamwamkia mama, "Shikamoo, bibi," mama akaitikia, wakapeana pole. Panga lilikuwa mkononi mwa yule mrefu, na utomvu ulikuwa umekaukia juu yake, mweusi. Sikuweza kutazama kitu kingine.

Kijana akaiona ndoo. Akanitazama, akatabasamu. "Dada, si ile picha ya kanisani?" Na akalishusha panga, taratibu, kuelekea kwenye maji. Nakumbuka nilivyofurahi. Ilikuwa furaha ya sekunde moja tu, lakini ilikuwa kubwa, kwa sababu picha niliyoichora mimi ilikuwa imeushika mkono wa mtu. Kisha, kwa adabu, akamtazama kwanza mwenye kibanja.

Mama alisimama kati ya panga na ndoo. Aliunyoosha mkono wake kuelekea ndani.

"Panga la msiba halinawishwi mlangoni pangu," akasema. "Ingieni, wanangu. Chagueni mzuri."

Wakaingia. Walichagua mkungu mkubwa kuliko yote, ule uliokuwa karibu na kaburi la baba, na kwa vile lilikuwa jambo la heshima wakamwambia mama kwamba mzee wake naye amemchangia rafiki yake. Mama akafuta macho. Mimi nilisikia pigo la panga kwenye mgomba. Niseme wazi, nilimkasirikia mama yangu siku ile kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Msibani sikumsemesha. Tulipokaa kumenya ndizi, ubavu kwa ubavu kwenye mkeka, vidole vyeusi kwa utomvu, yeye ndiye aliyeanza.

"Ulitaka nifanye nini mbele za watu? Huyu mzee ndiye aliyechimba kaburi la baba yako. Mvua ilikuwa inanyesha, akachimba."

"Nilitaka uwaache wachovye."

"Na wewe ungekuwa unaishi hapa, ungewaacha?"

Mimi naishi Omurushaka, ndizi nanunua sokoni, na mimi nikifa nitabebwa hukohuko Kibingo, na waombolezaji wangu watalishwa na majirani hawahawa. Ni rahisi kuchora mwanamke jasiri ukiwa umekaa kwenye kiti cha kuzunguka. Nilipomtazama niliona anazihesabu ndizi alizomenya, kisha anazihesabu tena, kama mimi na mlango wa duka. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba wasiwasi wangu niliurithi kwake.

Baadaye nikaanza kumpigia kila asubuhi. "Majani vipi, Maawe?" "Majani ni majani." "Hakuna lililogeuka?" "Kapige kazi." Nilitengeneza kadi ya harusi nikaandika jina la bwana harusi mahali pa bibi harusi. Nilitengeneza kibao cha saluni nikasahau neno saluni. Mteja mmoja aliniuliza kama nina mgonjwa nyumbani, nikasema ndiyo, akanipa pole, nikaipokea. Wiki zilipita, mama akawa anajibu kwa sauti ileile, nami nikaanza kujidanganya kwamba labda panga lile lilikuwa limekauka vya kutosha, labda jua liliua kila kitu, labda mzee wetu pale chini ametukinga. Mtu akiogopa sana huamini chochote.

Kisha akanipigia yeye. Hakusalimu. Akasema, "Njoo na kalamu zako."

Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni pa kibanja, amevaa nguo yake ya Jumapili ingawa haikuwa Jumapili. Nyuma yake, kuanzia kaburi la baba kurudi hadi kwenye kahawa, majani yalikuwa yamegeuka manjano na kuning'inia kama nguo zilizoloa. Si mgomba mmoja. Alikuwa ameniambia majani ni majani huku akiyatazama. Alinyanyuka, akavunja ndizi moja kwenye mkungu kwa mikono yake, akanionyesha ndani. Ilikuwa nyeusi. Nikamshika, nikalia, yeye akanipiga piga mgongoni kama mtu anayembembeleza mtoto wa mwingine, akili yake ikiwa kwenye jambo lingine.

"Basi," akasema. "Kaa uchore."

"Nichore nini, Maawe?"

"Mimi. Nimesimama hapa, mkono nimeunyoosha namkaribisha yule kijana. Panga analo yeye. Ndoo iwe pembeni, hakuna aliyeigusa. Na nyuma yangu weka hii migomba, kama ilivyo leo."

"Watakucheka."

"Wacha wacheke." Alikuwa ameshafikiri yote, nikaona. "Ile yako ya nne, yule mwanamke wako anayewazuia watu mlangoni, hakuna mama wa hapa atakayekubali kuwa yeye. Mimi mwenyewe sikukubali. Lakini mtu akisema, wanangu, chovyeni panga, sitaki yanipate yaliyompata yule mama, nani atamlaumu? Atakuwa hajamtukana mfiwa yeyote. Atakuwa amenisema mimi tu."

Nilimwambia tunaweza kumchora mtu mwingine, mwanamke yeyote, tukabadilisha nguo. Akakataa. Alisema wakiona mtu wasiyemjua watasema hayo ni ya Kamuli, au ni ya watu wa Bukoba, hayatuhusu. Alisema bango liende kanisani palepale anaposali, na yeye Jumapili atapita chini yake kama watu wote.

Nikakaa chini nikaanza. Nilichora mkono kwanza, kisha nguo, kisha kijana na panga lake, kisha ndoo. Nilichora migomba jani kwa jani, na kaburi, na kila nilipomaliza kitu nilitafuta kingine cha kuchora. Mama alivumilia, kisha akaja kusimama nyuma yangu.

"Mbona hujaweka uso?"

"Naogopa, Maawe."

"Weka," akasema, akarudi kusimama palepale mlangoni, akaunyoosha mkono, akageuza kichwa kwenye mwanga ili nimwone vizuri.